Kibarua Katika Moto wa Soko: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Kutoka Jiji la Uganda

Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea katika mojawapo ya miji ya Uganda iliyopandishwa hadhi kuwa majiji kuanzia Julai 2020. Majina ya jiji, ya soko na ya watu wote waliohusika yameondolewa. Vijana wawili ambao kisa kinawazunguka nimewaita Kibarua wa Kwanza na Kibarua wa Pili, na askari aliyeongoza kazi usiku ule nimemwita Sajini. Lugha walizokulia nimezitaja, kwa kuwa bila kuzitaja kosa kubwa lililotokea haliwezi kueleweka.

Mimi niliwafundisha vibarua hao kwa siku 5 kabla hawajaanza kazi, na nilikaa katika kikao cha tathmini kilichofanyika wiki mbili baada ya moto. Kwa hiyo siandiki kama mtazamaji wa mbali, na sehemu ya kosa iliyo yangu nimeieleza mahali pake.

Usuli

Nchini Uganda kuzima moto ni kazi ya polisi. Kurugenzi ya Kuzuia Moto na Uokoaji iko ndani ya Polisi ya Uganda, na raia akiona moto hupiga 999 au 112. Jiji linalozungumziwa hapa lilikuwa na meya, ofisi zake na bajeti yake, lakini halikuwa na kikosi chake lenyewe cha zimamoto. Lilitegemea kituo kidogo cha polisi chenye gari moja na askari wanne kwa kila zamu. Soko lake kuu liko kilomita mbili hivi kutoka kituo hicho, nalo lina vibanda mia kadhaa vya mbao na mabati vilivyobanana, vingi vikiwa vimeunganishwa kwa maturubai ya plastiki ili kuzuia jua na mvua.

Wachuuzi wa Uganda hawahitaji kuelezwa moto wa soko ni nini. Soko la Owino jijini Kampala, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, liliungua Februari 2009, likaungua tena mwaka 2011, na Februari 2017 ikawa zamu ya soko la Park Yard lililokuwa jirani yake. Watu walipoteza mitaji ambayo wengi wao walikuwa wameikopa. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyouamsha uongozi wa soko letu, na mwezi Oktoba, kabla ya kiangazi cha Desemba hadi Februari, viongozi wa wachuuzi walikwenda ofisi ya jiji kuomba ulinzi dhidi ya moto. Ofisi ilikubali kulipia vibarua wanane kutoka kwenye ushuru wa soko, polisi wakakubali kwamba wafundishwe na kwamba gari likifika watii amri za kiongozi wa gari, nao uongozi wa soko ukapewa jukumu la kuwasimamia kila usiku.

Nimeandika mpango huo kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ina waajiri watatu. Katika kikao cha Oktoba jambo hilo lilionekana kuwa dalili njema ya ushirikiano.

Namna vibarua walivyoajiriwa

Wanane hao walichaguliwa miongoni mwa watu waliolifahamu soko kwa miguu yao: wapagazi, waendesha boda boda wawili, na mmoja aliyewahi kuwa mlinzi wa ghala. Kila mmoja alilipwa shilingi 15,000 kwa usiku mmoja, akisaini daftari la soko anapoingia na anapotoka. Kazi zao zilikuwa kukagua kwamba kila sigiri, yaani jiko la makaa, imezimwa baada ya soko kufungwa, kuhakikisha vichochoro havijazibwa kwa mizigo, kujaza maji mapipa yaliyowekwa kwenye kona, kupiga simu na filimbi moto ukionekana, kufungua malango, na kuwasaidia askari kuvuta mipira ya maji. Waliambiwa kwamba hawataingia mahali penye moto. Waliambiwa kwa mdomo, na mmoja wa waliowaambia ni mimi; hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa neno hilo.

Walianza kazi wiki ya kwanza ya Novemba. Makubaliano yalikuwa ya kiangazi tu, lakini Februari ilipokwisha fedha zilikuwa bado zipo, wachuuzi wakaomba waendelee, na hakuna aliyeona sababu ya kuwakatalia. Moto ulipotokea wiki ya mwisho ya Machi, mvua zikiwa zimekwisha kuanza na watu wakiwa wamepumua, Kibarua wa Kwanza alikuwa anaukaribia mwisho wa mwezi wake wa tano wa kusaini daftari lile.

Usiku wa tukio

Ukaguzi wa sigiri ulifanyika saa 2 usiku kama kawaida. Kibanda kimoja cha chakula, kilichopakana na safu ya wauza magodoro, kilikuwa kimefungwa kwa kufuli kabla wakaguzi hawajafika. Ndani yake ilibaki sigiri yenye makaa yaliyofukiwa kwa majivu. Vibarua waligusa mlango, wakaukuta hauna joto, wakaendelea.

Saa 8:05 usiku Kibarua wa Kwanza, akiwa kwenye mzunguko wake, aliona moshi ukitoka chini ya bati la kibanda hicho. Alipiga 999 kwanza, akataja soko, lango na kitu kilicho jirani na moto, kisha ndipo akapuliza filimbi. Wenzake wawili walikuja na ndoo kutoka kwenye pipa la karibu, lakini walipofika moto ulikuwa umeshapenya ubao na kushika magodoro, nao kwa busara wakarudi nyuma. Kibarua wa Pili alikwenda kufungua lango kubwa na kuondoa mikokoteni iliyokuwa imeegeshwa mbele yake.

Gari la polisi lilifika saa 8:19 likiwa na lita 6,000 za maji na askari wanne: Sajini, mwendesha pampu, na askari wawili wa mpira. Saa 8:22 mpira wa kwanza ulikuwa unamwaga maji kwenye magodoro. Sajini aliona kwamba moto ulikuwa unageuka upande wa mitumba, ambako kichochoro chenye upana wa mita mbili hivi ndicho kilichotenganisha safu hizo mbili, akaamua kufungua mpira wa pili. Hakuwa na mtu wa kuushika. Alimtoa askari mmoja kwenye mpira wa kwanza, akachukua koti na kofia ya akiba kutoka garini, akamkabidhi Kibarua wa Kwanza na kumwambia, "Kijana, shika mpira nyuma yake, msiachane." Kijana alijibu, "Sawa, afande." Glavu za akiba hazikuwapo. Mtungi wa hewa ulikuwa mmoja kwa kila askari, naye si askari. Alilowesha kitambaa kwenye pipa, akajifunga puani na kuingia kichochoroni saa 8:25.

Wakati huohuo Kibarua wa Pili na mwenzake walitumwa kuvuta mipira hadi kwenye haidranti, yaani bomba la maji ya zimamoto lililo kando ya barabara, umbali wa karibu mita 100 kutoka kwenye gari. Mipira mitano ya mita 20 iliunganishwa, koki ikafunguliwa, na saa 8:30 maji yakaanza kuja. Kiungio cha mpira wa tatu na wa nne hakikuwa kimekaa sawasawa, kikaanza kurusha maji pembeni. Sajini alikiona kutoka alipokuwa, akanyoosha mkono kukielekea na kupiga kelele, "Funga! Funga hapo!"

Alitaka kiungio kikazwe. Barabarani palikuwa na wachuuzi wengi waliokuwa wamekurupuka usingizini, nao kwa nia njema wakalipokea neno na kulipeleka mbele, mmoja akimwambia mwingine, "Funga! Wanasema funga!" Lilipomfikia Kibarua wa Pili, "hapo" ilikuwa imeshadondoka njiani, na mkono wa Sajini haukuonekana gizani. Kibarua wa Pili alikuwa amesimama na mkono wake juu ya koki. Aliifunga.

Tangi la gari lilikuwa karibu kuisha. Ukikadiria kwamba kila mpira ulitoa lita 350 kwa dakika, mpira wa kwanza ulitumia zaidi ya lita 1,000 kabla wa pili haujafunguliwa, na lita 5,000 zilizobaki hazikuweza kuihudumia mipira miwili kwa zaidi ya dakika 7. Saa 8:32 pampu ilianza kuvuta hewa. Mipira yote miwili ililegea.

Ndani ya kichochoro, askari na kijana aliyekuwa nyuma yake walibaki bila maji kwa muda uliokadiriwa kuwa kati ya dakika moja na mbili. Turubai la juu lilikuwa limeshika moto, nalo plastiki likiungua halianguki kama majivu, hudondoka likiwa limeyeyuka na bado linawaka. Tone moja kubwa lilianguka juu ya mkono wa kulia wa Kibarua wa Kwanza na kuganda kwenye ngozi. Askari alimshika koti, akamgeuza, akamwambia aufuate mpira kwa mkono mzima hadi nje, naye akaja nyuma yake. Walitoka wote wawili.

Mwendesha pampu, alipoona kipimo cha shinikizo kimeanguka, alipiga honi ndefu mfululizo, ambayo ndiyo ishara ya kuwatoa watu ndani. Kibarua wa Pili alipoisikia alikumbuka maana yake kutoka kwenye mafunzo, akaacha koki, akakimbia kuelekea garini, na njiani akaona kile kiungio. Alikikaza mwenyewe, akarudi, akafungua koki polepole. Saa 8:35 maji yalikuwa yamerudi. Gari la pili, lililotoka wilaya jirani, lilifika saa 8:50, na kufikia saa 10 alfajiri moto ulikuwa umedhibitiwa. Vibanda 23 viliteketea. Safu ya mitumba ilipona. Hakuna aliyekufa.

Dakika ishirini na tano bila jina

Sehemu hii naitenga kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi, ingawa katika ripoti ya kwanza haikuandikwa kabisa.

Saa 9 usiku Sajini aliwahesabu watu wake. Wanne waliitika, hesabu ikafungwa. Kibarua wa Kwanza hakuitwa kwa sababu hakuwamo katika orodha ya Sajini. Msimamizi wa soko naye hakuwa na cha kusomea majina, kwa kuwa daftari lilikuwa limefungiwa ofisini, na yeye mwenyewe alikuwa langoni akiwazuia wachuuzi wasiingie kuokoa mali. Kijana alikuwa ameketi nyuma ya pipa la maji, akitetemeka. Aliyemwona ni mama muuza chai ambaye hulala sokoni ili awahi wapagazi wa alfajiri. Mtu mmoja alileta dawa ya meno ampake. Mama yule alikataa, akamwambia kijana, "Mwanangu, weka mkono hapa," na kumwagia maji ya kawaida kwa kikombe, akirudia na kurudia, kwa muda aliosema ulikuwa kama wa kuchemsha sufuria kubwa ya chai. Mafunzo yetu yalisema dakika 20 za maji yanayotiririka. Hakuwahi kuhudhuria mafunzo hayo, na alifanya kilicho sahihi zaidi kuliko kingine chochote kilichofanywa kwa ajili ya kijana yule usiku ule.

Kati ya kutoka kwake kichochoroni na kiongozi yeyote kujua kwamba ameumia zilipita dakika zipatazo 25. Kama asingetoka, dakika hizo 25 zingepita vilevile, na hakuna ambaye angeingia kumtafuta.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa Sajini kumwingiza kibarua kichochoroni ulijadiliwa kwa saa nzima katika kikao cha tathmini, na aliueleza bila kujificha. Alikuwa na watu wanne mahali palipohitaji wanane. Safu ya mitumba ingeshika moto, safu tatu nyuma yake zingefuata, na huko nyuma kulikuwa na wauza mafuta ya kupikia. Kijana alikuwa na nguvu, alikijua kichochoro kuliko askari yeyote, na hakusita. Nimemfahamu Sajini kwa miaka mingi na naamini kila alichosema.

Hata hivyo, naona uamuzi ule haukuwa sahihi, na si kwa sababu ulimalizika kwa mkono kuungua. Mtu aliye nyuma ya mpira kwenye kichochoro chenye moshi huvuta moshi uleule anaouvuta aliye mbele, na moshi wa magodoro ya sponji hubeba kaboni monoksidi pamoja na gesi ya sianidi, ambazo kitambaa kibichi hakimkingi mtu nazo. Hupunguza masizi tu na kumfanya mtu ajione salama. Mpira wa pili ungeweza kushikwa kwenye mdomo wa kichochoro, ukalowesha ukuta wa safu ya mitumba kutoka nje, kwa kuwa maji ya mpira ule yanafika mita zaidi ya 10 na lengo lilikuwa kuzuia moto usivuke. Huenda vibanda kadhaa zaidi vingeungua. Sajini mwenyewe, alipoulizwa kama angemwingiza askari wake bila mtungi wa hewa, alinyamaza kwa muda, kisha akasema hapana. Sina cha kuongeza juu ya jibu hilo.

Uamuzi wa vibarua kutovunja kufuli la kibanda saa 2 usiku nao uliulizwa. Waliogopa kushtakiwa wizi, na hofu hiyo ilikuwa ya haki, maana hakuna aliyekuwa amewapa mamlaka ya kufungua mali ya mtu. Kugusa mlango kulikuwa ndio mwisho wa uwezo waliopewa.

Neno moja, kazi mbili

Kiswahili ndiyo lugha ya amri katika polisi na jeshi la Uganda, na katika kituo kile ndiyo lugha pekee waliyoshirikiana wote, kwa kuwa Sajini alikulia katika Kilugbara, mwendesha pampu katika Kiteso, na vibarua wengi katika Kiganda. Hilo ni jambo jema na sipendekezi libadilishwe. Lakini kila mmoja alikuja na Kiswahili cha njia yake. Sajini alikijifunza chuoni na kazini, ambako mtu hufunga kamba, hufunga mzigo, hufunga kiungio cha mpira. Kibarua wa Pili alikipata stendi na sokoni, ambako neno hilo huandamana na mlango, duka na bomba. Katika Kiganda, lugha aliyoifikiria kwanza, kazi hizo mbili zina maneno mawili tofauti: kufunga mlango ni kuggala, kufunga mzigo ni kusiba. Kiswahili kinaziweka zote ndani ya neno moja na kumwachia msikilizaji atambue kwa kuona kinachoelekezwa. Gizani, katikati ya makelele, umbali wa mita 100, hakukuwa na cha kuona.

Kwa hiyo Kibarua wa Pili hakukosea. Alisikia amri, amri ilikuwa na maana kamili kwake, mkono wake ulikuwa juu ya kitu kinachofungwa, na akatii mara moja kama alivyofundishwa. Kikao kilipoanza, baadhi ya wajumbe walimwita mzembe, naye aliinamisha kichwa bila kujitetea. Ilichukua muda kabla swali sahihi halijaulizwa, yaani kwa nini hakuuliza. Alisema, "Nilidhani afande ameona jambo ambalo mimi sijaliona. Kibarua hamuulizi afande."

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Katika siku 5 za mafunzo niliwafundisha kuunganisha mipira, kufungua koki polepole ili mpira usimrushe mshikaji, kutambua honi ya kutoka, na kufuata mpira kwa mkono. Niliwafundisha kutii. Sikuwafundisha hata mara moja kurudia amri kwa sauti kabla ya kuitekeleza, jambo ambalo askari hulifanya kwa mazoea, kwa sababu nilidhani kazi ya kibarua ni nyepesi mno kuhitaji hilo. Kama Kibarua wa Pili angepaza sauti, "Nafunga koki!" wachuuzi walewale waliolibeba neno la Sajini wangeweza kumrudishia jibu, na kuna uwezekano mkubwa kwamba Sajini angemkataza kabla koki haijafika mwisho.

Mwendesha pampu naye aliyatumia maji ya tangi akiamini kwamba ya haidranti yanakuja. Kwa kanuni alipaswa kutoa taarifa tangi lilipofika nusu. Anasema alitamka; hakuna aliyemsikia. Redio za mkononi zilikuwa mbili, na zote zilikuwa kwa askari wa mpira.

Yaliyofanya kazi

Simu ilipigwa kabla ya filimbi, na kwa maelezo kamili, hivyo gari lilikuwa njiani wakati watu bado wanaamka. Lango na njia vilikuwa wazi. Askari walisema hawajawahi kuingia sokoni kwa haraka vile. Ndoo ziliachwa kwa wakati. Honi ilieleweka na watu wote, na askari na kijana walitoka kwa kuufuata mpira kama walivyozoezwa, bila kukimbilia upande wa giza. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wanaolipwa kwa usiku, na waliifanya vizuri. Wanaosema kwamba tatizo la kisa hiki ni kutumia watu wasio na taaluma hawajaisoma orodha ya waliyoyafanya.

Nani amlipe

Kijana alilazwa siku 9 na kuhudhuria kliniki kwa wiki kadhaa baadaye. Kwa siku 17 tangu aumie hakuna ofisi iliyokubali gharama. Uongozi wa soko ulisema fedha za mishahara zilitoka jijini. Ofisi ya jiji ilisema kijana aliumia akiwa chini ya amri ya polisi. Kituo kilisema, kwa ukweli mtupu, kwamba jina lake halimo katika orodha yao yoyote. Ndugu zake waliuza mbuzi wawili, na wapagazi wenzake walichanga.

Mjomba wake alimpeleka kwa ofisa wa kazi, na huko mambo yalinyooka kwa haraka iliyotushangaza. Ofisa hakuuliza nani alitoa amri kichochoroni. Aliomba daftari. Kurasa zilionyesha saini za kijana yule usiku baada ya usiku tangu wiki ya kwanza ya Novemba. Kanuni za Ajira za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, haziruhusu mtu awe kibarua kwa zaidi ya miezi 4. Akifanya kazi mfululizo kwa muda huo anastahili mkataba wa maandishi, na tangu hapo si kibarua tena, bali ana haki wanazozipata wafanyakazi wengine. Kwa hesabu hiyo, kijana tuliyekuwa tukimwita kibarua hakuwa kibarua usiku wa moto. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi iliyomlipa, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya aliyeumia kazini. Suala la glavu nalo lilijibiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, ambayo inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi.

Ofisi ya jiji ililipa matibabu pamoja na ujira wa siku alizokuwa hawezi kufanya kazi. Tathmini ya ulemavu wa vidole viwili, ambavyo havikunjiki kikamilifu, ilipelekwa kwa daktari ili fidia ikokotolewe. Nataka isomeke wazi kwamba kilichomwokoa ni daftari la kurasa 96 lililonunuliwa ili kuzuia watu wasidai malipo ya usiku ambao hawakuja.

Yaliyobadilishwa

Neno "funga" limeondolewa katika amri za kikosi hicho. Mpira unaungwa, kiungio kinakazwa, maji yanaletwa au yanakatwa. Kila kazi ina neno lake na ishara yake ya mkono au tochi, na anayepokea amri huirudia kwa sauti kabla ya kugusa chochote. Daftari linakaa langoni ndani ya mfuko wa plastiki, na kila anayeingia kazini huacha hapo kibao chenye namba yake. Gari likifika, vibao hukabidhiwa kiongozi wa gari, naye huanzia hapo kuhesabu watu wote walio chini ya amri yake, askari na wasio askari. Jozi 8 za glavu zimenunuliwa. Mitungi ya hewa haijaongezwa.

Wachuuzi wamekubali ufunguo wa akiba wa kila kibanda chenye sigiri uwekwe katika kabati la ofisi ya soko, ingawa wauza chakula wachache bado wanakataa na mazungumzo yanaendelea.

Vibarua watano kati ya wanane wamepata mikataba ya maandishi, Kibarua wa Kwanza akiwa mmoja wao. Watatu waliondoka kwa hiari yao, wawili kurudi kwenye boda boda. Kifungu kilichobishaniwa kwa muda mrefu zaidi ni kile kinachosema kwamba aliyeajiriwa na soko hataingia mahali penye moshi bila mtungi wa hewa na bila mafunzo ya kuutumia, hata akiamriwa na askari. Ofisa mmoja alitaka maneno "hata akiamriwa" yafutwe, kwa hoja kwamba hakuna kikosi kinachoweza kufanya kazi na watu wenye ruhusa ya kukataa amri. Sajini ndiye aliyeomba yabaki, na sahihi yake ya ushahidi iko chini ya mikataba yote mitano.